Kilemba cha Sigara ya Mama

Mama yangu alisokota sigara nene, zile za jani tupu zisizo na karatasi, na kila moja aliifunga kichwani kwa namna ambayo hapa Bwera mpakani hakuna mwingine aliyeijua. Alishika ncha ya jani la nje, akailowesha kwa uji mzito wa muhogo, akaizungusha mara tatu juu ya kidole gumba, kisha akaipenyeza chini yake yenyewe. Kichwa kilibaki kimejifunga kilemba kidogo. Wateja nao waliita hivyo hivyo: nipe ile ya kilemba. Nayasema haya mapema ili ieleweke wivu wangu ulikuwa wa nini. Watu walidhani nilimwonea mwenzangu kijicho kwa sababu ya wateja. Wateja walikuwa sehemu ndogo tu.

Mwenzangu huyo, mwanamke mkimbizi, alivuka mpaka akitokea upande wa Butembo, Kongo, ana watoto wawili na sufuria moja. Mama akampa chumba cha nyuma bila kuniuliza. Sisi Wakonzo na watu wa Butembo tunaelewana bila mkalimani, kwa hiyo Mama alizungumza naye kwa lugha yetu tangu siku ya kwanza, wakicheka kama watu waliolelewa jiko moja. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili cha sokoni, makusudi kabisa, kama ninavyomjibu dereva wa lori. Naye kwa adabu yake akanifuata huko huko, kwa Kiswahili chake cha Kongo, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. Hatukutoka tena kwenye Kiswahili hicho.

Wiki hiyo hiyo Mama aliniagiza nimsajilie mwenzangu laini ya simu. Mkimbizi mgeni hapati laini kwa jina lake kirahisi, na Bwera imejaa watu waliowasajilia Wakongo kwa vitambulisho vyao. Ni ujirani tu, kama kumwazima mtu jembe. Nilikwenda nimenuna, nikatoa kitambulisho changu, nikaweka sahihi, nikamletea laini yake. Kisha nikasahau.

Ambacho sikusahau ni kilichofuata. Nilipokuwa msichana nilikataa kufundishwa kusokota, kwa sababu shuleni walinicheka kwamba sare yangu inanuka tumbaku. Nilipofika umri wa kutaka, Mama alinikalisha mbele ya ubao wake wa kusokotea siku tatu, akanitazama, kisha akasema mkono wangu una haraka. Basi, yakaishia hapo. Nikafungua kibanda sokoni, nikauza sabuni, chumvi na tumbaku iliyokatwakatwa, nikawaambia watu kwamba sigara ni kazi ya wazee. Halafu anakuja mwanamke huyu, anakaa kando ya Mama msimu mmoja wa mvua, na siku moja naingia na ndoo ya maji namkuta ameshika sigara yenye kilemba, na Mama anapiga makofi. Mama, ambaye hakuwahi kunipigia makofi hata nilipofaulu mtihani! Nilisimama mlangoni na ile ndoo, nikatamani kuwamwagia wote wawili.

Mama alipofariki aliniachia mimi ubao. Nikauweka uvunguni mwa kitanda. Mwenzangu akajitafutia kipande cha mlango wa zamani, akaendelea kusokota juu yake kama kawaida, na hilo nalo likaniudhi.

Kisha simu zikaanza. Kiongozi mmoja wa wapanda milima kutoka Nyakalengija alinunua sigara mbili, akampa mgeni wake waliposhuka salama. Mgeni akapiga picha, picha ikazunguka pamoja na namba ya mwenzangu. Mwenye nyumba ya wageni kule Ibanda akataka za kuwauzia watalii. Wavuvi wa Hamukungu wakataka nyingi, kwa sababu moshi wake hufukuza mbu. Halafu Kampala, halafu Mbarara. Watu hao hawakuwahi kumwona. Walijua namba tu. Walipiga, akasokota, kifurushi kikaondoka kwa basi. Kibandani kwangu, mtu alisimama kuuliza bei ya chumvi.

Na anwani za vifurushi hivyo niliandika mimi! Alisoma shule ya Kifaransa, na tarakimu yake ya moja ina kofia ndefu kiasi kwamba makarani wa basi waliisoma saba. Kifurushi cha kwanza kilipotea kwa sababu hiyo. Akaja na kalamu ya wino mzito, akanyenyekea: "Yaya, nisaidiye, mukono yako inasomeka." Tangu hapo kila jioni niliandika majina ya watu waliokuwa wakimtaka yeye. Roho iliniuma kwa kila herufi. Ningeweza kukataa, lakini ningekosa kujua ni nani ameagiza na ameagiza ngapi.

Redio ndiyo iliyoniletea muswada. Walisema inapendekezwa sheria kwamba mtu asiuze tumbaku kwa mnunuzi asiyemwona kwa macho. Na kama vifurushi vitaruhusiwa, basi mtumaji asajiliwe na kila kifurushi kilipiwe ushuru. Mikutano ya kukusanya maoni ingefanyika, na mmoja ungekuwa Kasese. Nilizima redio nikakaa. Nilijisikia kama mtu aliyeletewa chakula alichokiota. Mnunuzi aje mwenyewe! Mnunuzi akija mwenyewe Bwera hupitia sokoni, na sokoni yupo nani? Nipo mimi.

Siku ya mkutano nilivaa gauni langu la gomesi, lile la harusi za watu. Ukumbi ulikuwa na wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, walimu, na wauzaji wa maduka wenye hasira zao. Ilipofika zamu yangu nilisema kuhusu watoto. Nilisema mtoto wa miaka kumi anaweza kuazima simu ya babake, akaagiza sigara, ikamfikia kwa basi, na anayemtumia asijue anamtumia nani. Watu walinipigia makofi. Kila nilichosema kilikuwa kweli; nia ndiyo iliyokuwa mbovu. Watoto niliowafikiria siku hiyo hawakuzidi mmoja, na huyo alikuwa mimi mwenyewe, mtoto wa Mama, nikiwa na ndoo mlangoni.

Mwishoni afisa wa wilaya alitangaza kwamba yeyote anayewajua wanaouza kwa vifurushi aandike namba zao za simu, watatembelewa wajulikane kabla ya sheria kuja. Sikungoja kuombwa mara mbili. Namba yake niliijua kichwani, nilikuwa nikiiandika kila jioni kwenye vifurushi, penye mtumaji. Niliiandika kwenye karatasi ya daftari, vizuri, isomeke. Njiani kurudi niliwanunulia watoto wake keki. Walizimaliza zote, wakanishukuru mpaka nikakasirika.

Siku chache baadaye, mchana, afisa yule yule akaja nyumbani na faili. Mimi nilikuwa uani napepeta maharage. Mwenzangu alikuwa chumbani kwake, mlango wazi. Afisa aliketi, akafungua faili, akaweka mezani karatasi yangu ya daftari na nyingine iliyopigwa chapa. Kisha akasoma jina. Lilikuwa jina langu, lote.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Mimi si afande. Hii namba iko na kitambulisho yako. Wewe ndiyo unatuma tumbaku na basi?"

Ungo ulinitoka mikononi. Ile laini! Ile sahihi niliyoweka nimenuna! Miaka yote hiyo namba yake ilikuwa jina langu, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeipeleka Kasese.

Afisa akaona nasitasita. Akasema kama kuna mtu mwingine anaitumia, nimwambie tu, laini itafungwa leo hii, kwa sababu hairuhusiwi mtu kutumia laini ya mwenzake. Alilisema kama jambo dogo. Mimi nilijua si dogo. Wateja wa mwenzangu hawakujua jina lake, sura yake, wala nyumba. Namba ikifungwa, wote wamekwenda siku moja, na watoto wake wanaacha shule. Neno moja lilikuwa linatosha, na nilikuwa nimelingoja kwa muda mrefu.

Ningependa kuandika kwamba nilimficha kwa huruma. Huruma ilikuwepo, kidogo. Lakini zaidi ya huruma, nilisikia utamu. Serikali ilikuwa imekaa uani kwangu inaniuliza kama mimi ndiye msokotaji. Nani alikuwa ameniuliza hivyo maishani mwangu?

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Unatengeneza na mkono, ama inatoka kiwanda?"

"Mkono."

"Fanya moja nione. Lazima niandike ni ya aina gani."

Nilikwenda nikautoa ubao wa Mama uvunguni. Nilichukua majani ya mwenzangu yaliyoanikwa uani. Tumbo la sigara nililikunja vizuri, hilo hata mtoto anaweza. Jani la nje likachanika. Nikachukua jingine. Nikafika kichwani, nikazungusha mara tatu, nikapenyeza ncha, nikaachia, na kilemba kikafunguka polepole mbele ya macho ya mtu yule. Nikarudia. Kikafunguka tena. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye vidole, na tumbaku ikawa matope. Afisa aliacha kuandika.

Hapo mwenzangu akatoka. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, akasimama kando ya meza, na nikaona macho yake yanatua kwenye karatasi ya daftari. Mwandiko ule aliujua kuliko mtu yeyote. Ulikuwa kwenye kila kifurushi alichowahi kutuma. Aliisoma namba mpaka mwisho. Kisha aliniinulia macho mara moja tu, na uso ukanishuka.

"Mzee, umusamehe," akamwambia afisa. "Yaya mukono inamuuma tangu juzi. Yeye ndiye mwenye kazi. Miye niko musaidizi tu. Ni yeye alinifundishaka."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya ubao wa Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kuugusa tangu mazishi. Alichukua jani jipya, akazungusha mara tatu, akapenyeza, akaiweka sigara mezani. Kilemba kilikaa.

"Kumbe umemfundisha vizuri," afisa akaniambia. Akaandika jina langu penye mwenye kazi, na langu tena penye mtumaji. Sheria ikipita, akasema, atakayeruhusiwa kutuma ni huyo aliyeandikwa, na ushuru ataulipa huyo. Alifunga faili, akainusa ile sigara, akaitia mfukoni, akaondoka.

Nilingoja nitukanwe. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, mengine makali sana. Mwenzangu aliokota ungo wangu, akakusanya maharage yaliyomwagika, akapuliza vumbi. Halafu akaingia chumbani, akarudi na kifurushi na ile kalamu ya wino mzito.

"Yaya, ya Kampala inatoka asubuyi mapema. Andika."

"Niandike nani ametuma?"

"Andika weye. Si ndiyo vile wameandika?"

Nilimtazama nikitafuta kejeli usoni mwake. Kejeli ningejua la kuifanyia. Sikuona hata chembe. Alikuwa amechoka, na vidole vyake vilikuwa na uji wa muhogo, kama vya Mama vilivyokuwa kila alasiri.

Muswada bado unazungumzwa redioni, na mimi bado naandika jina langu juu ya kazi yake kila jioni. Siku ile ya kwanza niliandika taratibu, herufi moja moja. Nimewahi kumwonea wivu kwa mambo mengi, lakini hakuna lililoniuma kama namna alivyonitazama kisha akanisitiri. Niliutambua upole ule. Ulikuwa wa Mama, na huo pia Mama alimwachia yeye, si mimi.