Ernesta na Zamu ya Maji

Siku Aminieli alipomwona Ernesta kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa ndani ya ndiva, bwawa la kumwagilia la kijiji chao huko Mamba, tope likimfika magotini. Alikuwa bibi harusi aliyeletwa juzi tu kutoka Lembeni, na hakuna aliyemtarajia kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope.

"Kaka, unatazama au unachimba?" alimuuliza.

Watu wakacheka. Aminieli, mwenye haya tangu utotoni, akainamia koleo lake.

Tangu hapo Ernesta hakukosa msaragambo. Alimzika mume, akamsomesha mwanawe Wilbard kwa tangawizi, akawa jirani wa kuingia kwa Aminieli kuomba chumvi na kuacha kicheko.

Mwaka huu tumbo lilimsumbua kila alipokula vya mafuta. Hospitalini wakakuta mawe kwenye mfuko wa nyongo, wakautoa kupitia matundu madogo. Akaruhusiwa na onyo: tumbo likijaa, homa ikipanda au macho yakiwa ya njano, arudi upesi.

Wiki haijaisha, msaragambo ukaitishwa. Ernesta alikuja na chupa ya chai tu, akaketi ukingoni.

"Mama Wilbard kaacha nyongo hospitali, sasa hana hata hasira ya kushika jembe!" Blandina, jirani mwingine, alimtania.

Ernesta alicheka huku kashika ubavu. Kisha akamwita Aminieli pembeni.

"Baba Irine, bega la kulia linaniuma, na tumbo limejaa kama ngoma. Kesho nishushe Same. Vijana wa bodaboda watanirusharusha. Wewe pikipiki yako unaiendesha taratibu."

Kesho ilikuwa zamu ya Aminieli ya maji. Tangawizi yake ilishaanza kujikunja majani, na anayekosa zamu husubiri mzunguko mzima.

"Bega si tumbo, mama Wilbard. Umelilalia vibaya tu, na hilo tumbo ni gesi. Keshokutwa asubuhi nitakushusha."

"Haya, nitakusubiri."

Alipokwenda kumchukua, macho yalikuwa ya njano na mwili unawaka. Huko Same daktari alimwingiza mpira tumboni, ukatoa maji ya kijani.

"Nyongo imevuja pale ilipokatwa, ikajikusanya chini ya mbavu," alisema. "Ndiyo maana bega liliuma. Ilianza lini?"

Ernesta ndiye aliyejibu: "Ilikuja polepole tu, daktari."

Walimpeleka Moshi kwa gari la wagonjwa. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na hakurudi Mamba ila kuzikwa. Msimu huu tangawizi ya Aminieli imestawi kuliko ya wote kwenye mteremko ule, na bado hajaing'oa hata shina moja. Kila akishika jembe anaona gari la wagonjwa likiwa mlango wazi, na Ernesta amelala ndani, amemkamata mkono.

"Baba Irine," alisema, "maji yalifika shambani?"