Nusu Saa ya Kupasha Amplifaya

Marehemu mume wangu hakufukuzwa nyumbani. Naliandika hili kwa sababu wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, amelisema mara mbili kwenye vikao vya ukoo nikiwa nimekaa papo hapo, na sasa wajukuu wameanza kuuliza.

Walichokiona majirani ni kweli. Jioni moja mume wangu alitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba amplifaya yake ya zamani na kigoda kimoja, kutoka mlangoni kwetu hadi karakana yake, mtaa wa pili. Yaliyobaki wakajijazia wenyewe.

Alikuwa fundi wa redio na amplifaya za nyumbani. Wateja walimwita Ngoja Ipate Moto, maana ndiyo kauli aliyowapokea nayo. Mashine za siku hizo zilikuwa na valvu, yaani taa ndogo za kioo, na hazikutoa sauti mpaka taa hizo zipate joto. Dakika moja ilitosha. Yeye alishikilia kwamba sauti haikai sawa kabla ya nusu saa, na mimi, niliyefundisha sayansi miaka ishirini na sita, sikumbishia.

Nusu saa hiyo ilikuwa yetu. Saa kumi na moja na nusu niliwasha, yeye akaingia, akanawa mikono, akakaa kitini kwake nami kwenye kigoda changu, maana mgongo wangu haupatani na sofa. Tuliongea huku taa zikiiva. Shule za watoto, kiwanja, ugonjwa wa mama yake, yote yaliamuliwa pale. Santuri ikishawekwa, maneno yamekwisha. Hakupenda mtu aongee juu ya muziki.

Kisha zikaja mashine za transista, zisizongoja kupata moto. Mtu asiseme zilimshinda. Alijifunza kutoka kwenye kitabu nilichomsomea mimi ukurasa kwa ukurasa, akawabadilishia mashine karibu mtaa mzima. Kwetu tu ndiko ilikobaki ile nzito. Binti yetu mkubwa alipotuletea mpya, nyepesi kama begi la shule, niliibonyeza na muziki ukatoka palepale. Nikasema mbele ya wageni, "Hii ndiyo mashine. Haimsubirishi mtu."

Wageni walicheka, wifi yangu kuliko wote. Mume wangu naye alicheka.

Tangu hapo alikuwa akiingia, ananawa, anabonyeza, na muziki unaanza. Wiki sita zikapita hatuna mahali pa kuongelea. Ndipo ukaja mkokoteni. Sikuuliza, kwa kuwa sikuambiwa. Akawa anarudi saa moja, anakula, anashukuru, analala.

Wifi hakuchelewa kufika. "Wifi, mwanamume mmoja umeshindwa kukaa naye sebuleni?" alisema huku akivua viatu. "Mwenzio kahamia kwa taa zake."

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu, nilikwenda karakana kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkokoteni.

Hapakuwa na pa kuweka hata kikombe. Magamba ya redio, spika zilizochanika, nyaya, bisibisi, mpaka dirishani. Amplifaya ilikuwa imewashwa, taa zake nyekundu, bila santuri. Mkabala na kiti chake kilikuwa kigoda changu, kimepanguswa vumbi, hakina kitu juu yake. Siku zote zile nilidhani alikichukua awekee vifaa vyake.

"Umechelewa, Mwalimu," aliniambia taratibu. "Zimeshapata moto siku nyingi."

Nilimwambia nimekuja kumwita, chakula kinapoa. Alikitazama kigoda, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na mkoba mkononi, kisha akazima. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeongozana, yeye mbele. Siku ya tisa tangu jioni hiyo, moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa kazini.

Hakufukuzwa. Alinisubiri, nami nikabaki wima. Huo ndio ukweli wote, na nimeuandika mwenyewe ili usiandikwe na mwingine.

Amplifaya nimeirudisha sebuleni, ile mpya nimempa binti yangu. Kila jioni naiwasha, nakaa kwenye kigoda, na kiti chake kiko mbele yangu. Santuri siweki. Wifi ameanza kueneza kwamba nimerukwa na akili, naongea na taa za vioo. Ninachokisema katika nusu saa hiyo hakimhusu yeye, hakiwahusu wajukuu, wala hakikuhusu wewe unayesoma. Siongezi neno.