Uzazi wa Nyonga

Siku niliyorudi nyumbani Gehandu na nyonga ya bandia, wifi yangu alikuwa ameshatandika kitanda karibu na jiko na kufunika dirisha kwa kanga. Yeye ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Tunatenganishwa na ua tu, na akishaamua jambo hakuna wa kulitengua. Alinitazama nikishuka kwenye gari na magongo yangu, akasema, "Umepasuliwa, damu imemwagika. Utakaa ndani kama mzazi."

Kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua hafanyi mzaha na mwili wake. Hukaa ndani miezi, hashiki jembe, hachoti maji, hapigwi na upepo. Analetewa uji, supu na maziwa yenye samli mpaka mashavu yajae. Nilishapita huko kila nilipojifungua, na kusema kweli ndiyo likizo pekee niliyowahi kupewa maishani. Sasa nimezeeka, mume yuko kaburini, napewa tena. Majirani waliingia wakicheka, "Tumekuja kumwona mzazi! Mtoto yuko wapi?" Nami nawaonyesha paja, nawaambia mtoto ni wa chuma, hanyonyi wala halii.

Hospitalini walikuwa wamenionyesha mazoezi kabla ya kuniruhusu: nyanyua mguu, simama, tembea kidogo kila siku. Nikayaeleza nyumbani. Wifi alisikiliza kwa adabu yote, kisha akaniongezea samli. "Hao ni watu wazuri," alisema, "wamekutengeneza vizuri. Lakini mambo ya uzazi watuachie sisi." Na mimi, mchovu, mguu unauma, kitanda kina joto, nikaona ana akili.

Mahindi yaliyokuwa yanachipua nilipokwenda kupasuliwa yakarefuka, yakabeba, yakaanza kukauka. Kidonda kilipona, kovu likatulia, lakini maumivu hayakuondoka. Asubuhi nikikanyaga chini yalinishika kwenye kinena, yakashuka pajani yakichoma, nikabaki nimeshika nguzo ya kitanda nauma meno. Hata kiti cha mbao chenye tundu nilichochongewa cha chooni, maana kuchuchumaa nilikatazwa, kilikuwa safari ya kutoa jasho. Maumivu yale ya zamani niliyajua, tuliishi pamoja miaka. Haya mapya yalinitia hofu. Nilijiambia nimepasuliwa bure, na nikawa mkali kwa kila aliyeniuliza naendeleaje.

Mwanangu wa kwanza ana duka Balangdalalu. Alikuja kuniona, akanikuta natoka mlangoni hatua kwa hatua kama kinyonga, na uso wake ukabadilika. Alisubiri nikae ndipo akasema, "Mama, tukimaliza kuvuna nakuja kukuchukua. Chumba kipo tayari. Ng'ombe tutamwachia shangazi amkamue."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kuhamia kwa mwana ni heshima, wapo wanaoiomba na hawaipati. Kumkabidhi ndugu ng'ombe wako amtunze na kunywa maziwa si jambo geni kwetu. Lakini nyumba hii niliikandika udongo kwa mikono yangu, na ng'ombe yule nilimlea tangu ndama. Kukaa kwenye chumba cha watu, kula cha watu, kungoja kuulizwa kama nimelala salama? Nilitaka kubaki kwangu. Sikujua nitamwambiaje mtoto anayeniona natambaa.

Wifi alipokwenda kwenye msiba, mzazi akatoroka. Nilipanda basi la Haydom, kwenye hospitali waliyonipasulia, nikakalia kanga zilizokunjwa ili kiti kiinuke, na kila shimo la barabara nililijua kwa jina.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mwanamke wa umri wa kitinda mimba wangu. "Shikamoo mama," akaniamkia, akanipeleka kwanza kwa daktari nikapigwa picha. Nyonga imekaa sawa, hakuna kilicholegea, hakuna usaha. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Kama iko sawa, mbona inauma? Dada yule akanipapasa mapaja yote mawili, lililopasuliwa likawa jembamba na laini kama unga uliokandwa.

"Mama, kutwa unafanya nini?"

Nikamweleza: jiko, kitanda, samli, wageni. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe naye ni wa kwetu, ana mtoto mchanga. "Na mimi bibi alinifungia ndani," alisema. "Lakini mama, mzazi anapumzika kwa sababu mtoto ameshatoka. Wako hajatoka. Yumo ndani, na ni nyama za paja zinazotakiwa kumbeba. Umezilaza miezi yote hii, zitambebaje?"

Hakuniahidi kwamba maumivu yataisha upesi, na ninamshukuru kwa hilo. Alinifundisha kuyatofautisha. Yale yanayoanza nikiamka na kupungua nikitembea, nitembee nayo. Nikivimba, nikipata homa, au mguu ukikataa ghafla kukanyaga, nirudi siku hiyo hiyo. Akanipangia vidonge vya kunywa baada ya chakula, akanifanyisha mazoezi yale yale niliyoyaacha, huku nalalamika na yeye ananihesabia.

Nilirudi nikaondoa kanga dirishani. Wifi hakusema nami siku mbili, na kwa wifi hiyo ni adhabu kubwa, maana ndiye redio yangu. Nilishika mwimo wa mlango nikanyanyua mguu pembeni, nikaushusha, nikanyanyua tena. Nilitembea hadi uani, kesho yake hadi kwenye ua wake nikamwamkia kwa sauti ili asiweze kunipita. "Mzazi hatoki!" alifoka. Nikamwambia, "Mwenzako nimeshaachisha mtoto ziwa." Alijikaza, akashindwa, akacheka.

Siku za baridi zilinitesa. Mvua ikinyesha paja lilikaza, nikalia waziwazi bila aibu, kisha nikatembea ndani ya nyumba nikizunguka jiko. Polepole nikaacha gongo moja, halafu nikabaki na fimbo.

Ndipo nikajitia wazimu. Jumapili moja nilipanda mpaka kanisani, nikaimba nimesimama nyimbo zote, watu wakanipigia vigelegele, nami nikavimba kichwa. Jumatatu sikuweza kutoka kitandani. Wifi hakungoja hata chai. Alimpigia mwanangu, na nilisikia sauti yake kwenye simu: "Basi shangazi, mavuno tusiyangoje. Jumamosi nakuja na pikapu."

Nililala chali nikitazama bati. Nilikuwa na hasira na mguu, na wifi, na mimi mwenyewe. Lakini sikuwa na homa, sikuvimba, na mguu nilipoujaribu ulikanyaga. Hayo yalikuwa maumivu ya kutembea nayo, ila nilikuwa nimeyabebesha mzigo mkubwa. Jumanne nikazunguka jiko. Jumatano nikafika uani.

Alhamisi nilikuwa kwenye kijia nyuma ya nyumba, nimeegemea fimbo. Kwetu ni mteremko, na juu ya kijia kuna tuta tuliloliinua zamani kuzuia udongo. Ng'ombe wangu alikuwa juu ya tuta anakula nyasi pembezoni kabisa, na kiwele chake kilikuwa mbele ya kifua changu. Wifi alikuwa analalamika siku zote kwamba ng'ombe yule anamzuilia maziwa na kupiga teke ndoo. Mimi sikuthubutu kumkamua, kwa sababu kukamua ni kuchuchumaa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu kama mlevi.

Jumamosi alfajiri nilimwomba wifi anisaidie kubeba kiti kirefu cha jikoni hadi kwenye kijia. Alikibeba akinung'unika. Tukamfunga ng'ombe miguu juu ya tuta, ndama akanyonya kidogo maziwa yakashuka, wifi akamvuta pembeni. Nikakaa, jagi mapajani, mgongo wima, miguu imetulia chini, nyonga juu ya magoti kama nilivyofundishwa. Ng'ombe aligeuza shingo akaninusa kichwani. Kisha akaachia. Sijui niseme nini kuhusu sauti ya maziwa kwenye jagi baada ya miezi ile yote. Nilikuwa nimefurahi, basi.

Tulisikia pikapu ikizima mbele ya nyumba. Mwanangu aliita mlangoni, akaita chumbani, sauti ikipanda kwa wasiwasi, ndipo akaja nyuma na kamba za kufungia mizigo begani. Akasimama. Povu lilikuwa limefika ukingoni mwa jagi. Wifi, yule yule aliyemwita, akatazama pembeni, ndama akamponyoka mkononi.

"Shikamoo mama," alisema mwanangu taratibu. "Nyonga haiumi?"

"Marahaba. Inauma," nikamjibu bila kuacha kukamua. "Shika ndama."