Kitabu Nilichokizika Bila Kukisoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huja kukaa mbele ya macho yangu kila nikifungua kitabu, na kwa kuwa vitabu navifungua kila siku, hainipi nafasi ya kupumua. Nitakusimulia ingawa hainifurahishi.

Nilikuwa kijana wa Msimbu, nyakati za Mwingereza, na ugonjwa wangu ulikuwa kusoma. Nilisoma nikila, mchuzi ukapoa. Nilisoma nikitembea, nikawapita wazee bila shikamoo. Duka la Mhindi kule Kisarawe lilikuwa likifungia sukari kwa kurasa za magazeti na vitabu vichakavu. Sukari nikampa mama, karatasi nikabaki nayo. Nikipelekwa dunguni kulinda mpunga, ndege walikula nami nikasoma, kila mmoja na chakula chake. Watu wakaniita Msomaji, na jina hilo nikalivaa kama kanzu ya Idi.

Lakini yote niliyosoma yalikuwa maandishi ya shule, herufi za Kizungu. Babu yangu mzaa baba aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa mbio usiotiwa irabu. Mimi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa kidogo tu, nikatoroka na sura chache fupi nilizozijua kwa ghibu. Babu aliniita mara nyingi. "Njoo nikuonyeshe mwandiko wangu, mjukuu wangu. Kuna maneno ya baba yako humu kitabuni."

Baba alichukuliwa upagazi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, mimi ningali mgongoni kwa mama, akafia bara. Mpagazi mwenzake alirudi na salamu zake za mwisho, akampa babu, kisha akashika njia ya kwao. Babu akatangaza msiba, mama akakaa eda, lakini zile salamu zenyewe zilimshinda mzee kuzitamka. Kila alipoanza, sauti ilikatika. Basi akaziandika kitabuni mwake, akamwambia mama, "Mwanao akijua kusoma, atakusomea." Mama akangoja. Nami nilipojua kusoma, nilisoma kila kitu isipokuwa hicho. "Kesho, babu," nilikuwa nikimjibu, bila hata kuinua macho.

Babu akafariki. Baada ya arobaini wakatoa vitabu vyake viwili. Kimoja kilikuwa kizima, cha jalada la ngozi, na kingine kimeliwa na mende, kurasa zinamwagika. Desturi yetu, kitabu chakavu chenye jina la Mungu hakitupwi jalalani wala hakifungiwi dagaa. Huzikwa mahali safi. Mwalimu wa msikiti, ambaye macho yake yalikwisha ingia mtoto wa jicho, akanigeukia mbele ya wazee, ambao mwandiko ule wa mbio uliwashinda.

"Msomaji, hebu tutazamie. Kipi kina salamu za baba yako, na kipi tukizike?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake, ananitazama. Mwanangu, neno lenyewe lilikuwa fupi: sijui. Wangenicheka jioni moja, kesho yake wakasahau. Nikapekua kurasa, nikakunja uso kama mtu anayesoma, nikasema, "Salamu zimo katika hiki kizima. Hicho kingine ni dua tupu." Kile kizima kilinipendeza macho, sikuwa na sababu nyingine. Tukakizika kile kibovu nyuma ya msikiti, na jembe nilishika mimi.

Nilijiambia nitajifunza kwa siri. Mwaka mzima nikawa nakwenda Vihingo kwa mwalimu mmoja asiyenifahamu, mama nikimwambia nakwenda kukata nguzo. Akiniuliza, "Utanisomea lini?" namwambia mwandiko wa babu ni mgumu, avute subira. Siku nilipoweza kukisoma kile kitabu nilikisoma mara tatu. Kilikuwa na dawa za matumbo ya watoto, nyakati za kupanda, dua za safari. Baba hakutajwa hata mara moja. Nikarudi nyuma ya msikiti na jembe. Masika yalikwisha pita, mwanangu, na nilichokitoa kilikuwa tope na kipande cha uzi wa kushonea kurasa.

Hapo ndipo ingenipasa kuungama. Mficha uchi hazai, nami nililijua neno hilo tangu utotoni. Badala yake nikaketi mbele ya mama, nikakifungua kile kitabu cha dawa, nikamsomea salamu nilizozitunga mwenyewe. Nilizichota katika vitabu vyangu vya shule: ewe ua la moyo wangu, nakuaga huku machozi yakinibubujika, na mengine ya namna hiyo. Nilidhani nampa zawadi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameiweka mapajani.

"Funga, mwanangu," akasema. "Baba yako hakuwa mtu wa maneno hayo."

Akainuka akaenda kutwanga. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukazungumza habari za shamba, za watoto, za maradhi, lakini hakuniomba tena nimsomee kitu, hata barua. Barua zake alimpelekea mtoto wa jirani. Ningefurahi kama angenipiga.

Sasa nakaa hapa Tangini, Kibaha, chumba kimejaa vitabu mpaka kitanda kimesukumwa ukutani. Wageni husema mzee huyu ana elimu. Zamani nilikuwa nikiwakatalia, siku hizi nimechoka. Ningali nasoma, kwa sababu sijui kufanya jambo jingine, na kila kitabu ninachokimaliza nakifunika nikijua kwamba hiki nacho si kile.

Nasaha yangu ni hii, wala sina nyingine. Kabla hujakimbilia vitabu vya mbali, soma kilichomo nyumbani mwenu, na kama hujui kukisoma na aliyekiandika yu hai, kaa karibu naye leo hii. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, hata kama wazee wamekaa na mama yako anakutazama. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukishakosea, usiwatungie marehemu maneno. Waliowapenda wanawajua. Usiseme utarekebisha baadaye, maana mimi nilingoja hiyo baadaye mpaka nikamzika mama.

Mungu akujalie wazee wenye subira, nawe usiwachoshe. Akuzidishie hamu ya kusoma, lakini isikupite kimo. Na macho yako yatakapokwisha, akupe mtu wa kukusomea, na mtu huyo akusomee yaliyomo.