Msinde Akivuka Mto

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya tahajia. Niliishia darasa la nane, naandika polepole, na herufi l na r bado hunichanganya.

Enzi zetu kule Sirisia, chesi haikununuliwa dukani. Khocha wangu, ndugu ya marehemu mama, alichora miraba kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akakata magunzi ya mahindi yawe askari na wafalme. Yake aliyapaka masizi ya sufuria, yangu yakabaki meupe. Farasi alichomekwa vijiti viwili vya masikio. Tulicheza jioni baada ya kukama ng'ombe, viazi vitamu vikiiva kwenye majivu, na masizi yalitung'ang'ania vidoleni hadi kanisani Jumapili.

Mama alipokufa niliacha kusema. Watu walinishika kichwa wakaniambia, "Jikaze." Khocha hakuniambia hivyo. Alitandika katoni tu, akasema, "Wewe ndiwe mweupe. Anza." Hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu. Watu wawili wanaweza kujibizana jioni nzima bila hata mmoja kufungua mdomo.

Askari wadogo wa mbele tuliwaita basinde, yaani wavulana ambao hawajatahiriwa. "Msinde akishatoka kwenda mtoni harudi nyuma," khocha alizoea kusema, maana mtoni ndiko walikopakwa matope kabla ya kutahiriwa. Mwalimu aliyemfundisha mchezo alimwambia kwamba askari akifika mwisho wa ubao hugeuka malkia. Khocha alikataa katakata.

"Mvulana aende mtoni, apakwe matope, halafu arudi mwanamke? Baba yake nitamwambia nini?"

Kwa hiyo wetu waligeuka ngome. Mwanamume mwenye boma lake.

Baadaye nilipelekwa Kitale kuishi na senge, dada ya baba. Watoto wa ploti yetu walikuwa na chesi ya plastiki. Nilicheza nao kimya kimya, wakaniita Bubu. Siku moja nilikuwa nacheza na Brayo, bingwa wao, msinde wangu akafika mwisho. Nikamweka ngome.

"Wewe Bubu, si uchukue kwini! Unanishinda, bana!" Brayo mwenyewe alinihurumia.

Nilijua nikichukua malkia nitashinda, na labda watanipenda. Lakini niliona kama namwacha khocha peke yake na katoni yake.

"Mwanaume haludi mwanamke," nikasema.

"Ati haludi!" Wote wakaangua kicheko. "Kumbe Bubu anaongea! Hebu sema tena!"

Nikasema tena. Mchezo ule nilishindwa, lakini jina la Bubu liliisha siku hiyo. Wakaniita Haludi.

Khocha tulimzika mwaka jana. Magunzi yake sikuyakuta. Pengine yalichemshia chai ya matanga.

Siku hizi vijana wanacheza kwenye simu, shingo zimepinda kama za kuku mgonjwa, na mtu wasiyemjua hata sura. Wakizidiwa wanazima tu. Nami nilijaribu. Msinde wangu alipofika mwisho, simu haikuniuliza neno. Ilimgeuza malkia papo hapo. Niliiweka chini, sikumaliza.

Ninyi mliocheza zamani, tafadhali niandikieni. Mnieleze kwenu askari aliyevuka ubao aligeuka nani, na ni nani aliyewafundisha hivyo. Msiogope mwandiko mbaya. Hata kusoma nasoma polepole.