Mistari Minne Mitupu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipochimbua mbegu ya mama mkwe wangu nikaipika. Usicheke. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na njaa haina adabu.

Nilikuwa nimeolewa huku Kasoli mwaka wa pili. Mvua ilikuwa imetukatalia, na chakula kilichobaki ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vipande vya kuhesabu. Kulikuwa pia na kibuyu kimoja cha mbegu ya mtama. Mama mkwe, Mayu Minza, akaichanganya na majivu wadudu wasiile, akatuamuru tuipande kwenye vumbi, kama wafanyavyo wazee wetu wakingoja mvua. Yote! Niliona bibi huyu kachanganyikiwa.

Wiki mbili zikapita, mbingu kavu. Kija, huyo mtoto wa mgongoni, akawa analia sauti haitoki. Mchana mmoja Mayu alipokwenda kisimani, nikachukua jembe nikafukua mistari minne, punje kwa punje. Nilikuwa naziosha majivu aliporudi.

Nilipiga goti nikangoja matusi. Akauliza tu, "Umefukua mistari mingapi?"

"Minne, mayu."

"Pika, mtoto ale ashibe. Lakini ungeniambia, ng'wanawane, mwanangu wewe, ningekupa michembe yangu. Kwa nini ulijificha?"

Nikamjibu kwa hasira ya aibu, "Mvua yenyewe iko wapi? Mbegu imeshakufa mle!"

"Mungu alimwahidi Nuhu kwamba dunia ikiwapo, kupanda na kuvuna havitakoma. Siku hakuitaja. Mimi yangu nimemaliza, nangoja yake. Na hiyo mistari minne isipandwe kitu. Nataka uione."

Tangu siku hiyo akawa ananimegea fungu lake la michembe. Alikonda mbele ya macho yangu, na kila asubuhi aliinua mikono shambani akishukuru. Kushukuru kwa lipi, nikawa najiuliza, maana mimi niliona vumbi tu.

Mvua ilikuja wiki ya tatu tangu siku hiyo, ikanyesha hadi njia zikawa mito. Siku ya tano akanishika mkono tukaenda shambani. Mwanangu, hadi leo nikisimulia mwili unanisisimka. Mtama ulikuwa umechomoza shamba zima, kijani kitupu, kwenye udongo ule ule niliouona vumbi tu. Kumbe siku zote zile nilizokuwa nalia, mbegu ilikuwa hai chini ya miguu yangu. Katikati yake ikalala mistari minne mitupu. Niliogopa kukanyaga. Nikavua kandambili, nikalia.

Mayu hakunisema. Tulipovuna, alichagua masuke bora, akayaweka mikononi mwangu. "Mbegu ya mwakani utaipanda wewe."

Mimi, mwizi wa mbegu! Nimeipanda kila mwaka tangu hapo. Sasa wajukuu hunionyesha kwenye simu kwamba mvua haipo, nami nawaambia washike jembe.

Basi nisikilize. Kumlisha mtoto halikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kuamua kwamba Mungu ameshindwa kwa sababu mimi sioni kitu. Uliloahidiwa naye likichelewa, usilifukue. Lia, omba, mwambie mwenzako una njaa, lakini liache udongoni. Mungu akutunzie ulichomkabidhi, akupe wa kukumegea fungu lake unapongoja, na siku kitakapochomoza kikukute upo shambani.