Kiti Kipana cha Mwanangu

Ulikuwa mwaka ule ambao viazi vya kukaanga vilipanda cheo hapa Kigali. Viliingia harusini, vikaingia msibani, vikafika hadi kwenye sahani ya mtoto anayeota meno. Maharage, yaliyotulea sisi wote kule Karagwe, yakawa chakula cha kuficha mgeni akibisha hodi.

Mwanangu wa kwanza alikuwa bosi kule Kacyiru, kwenye ofisi za serikali. Najivunia, sifichi: mimi niliishia darasa la tatu, yeye ana mlango wenye jina lake. Mchana yeye na wakubwa wenzake walikula melanje, ile meza ndefu ya vyakula vyote, yenye sheria moja tu: unapakua mara moja. Basi watu wenye digrii wakageuka waashi. Chini wali, pembeni ukuta wa viazi, ndizi za kuziba nyufa, makaroni, isombe, yaani kisamvu, juu kama paa la majani, na kipande cha nyama kileleni kama bendera. Nasikia jengo la mwanangu halikuwahi kuanguka hata siku moja.

Tumbo likaja. Kanisani wakamwambia amebarikiwa. Mimi nikashuka kwa maseremala wa hapa Gisozi, nikamwagizia kiti kipana kisicho na mikono, maana vile vya zamani vilikuwa vikimng'ang'ania kila akisimama. Nilicheka sana. Nilikuwa mjinga sawasawa na kanisa zima.

Jumapili moja, mvua ya Septemba ikinyesha, alikuja na mke wake. Kabla sijafunua sufuria, alikuwa amemaliza jagi zima la maji na kwenda chooni mara tatu.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "umekuja kunitembelea mimi au choo changu?"

"Ni joto, Mama."

Joto! Mimi nimejifunika shuka mbili. Simu yake aliisoma ameishika mbali kama anafukuza nayo nzi. Kisha akavua soksi zilizolowa, nikaona kidonda kwenye kidole gumba cha mguu.

"Cha lini hicho?"

"Kiatu tu kilinibana."

"Tangu kabla ya Pasaka," mke wake akasema, macho yakiwa sakafuni.

Nikakaa chini. Dada yangu alianza hivyohivyo: kiu, mkojo, macho yenye ukungu, na kidonda alichokipaka majivu mpaka hospitali ikamkata mguu. Mguu ule nilikabidhiwa mimi, umefungwa kitenge, nikauzika nyuma ya migomba. Mwenyewe akaufuata mwaka uleule.

Mwanangu akachukua sahani, tayari kuweka msingi. Nikafunika sufuria.

"Sikupakulii. Mguu mmoja nimeuzika, wa pili siuziki."

"Mama, mimi siumwi popote!"

"Na ujinga je, unakuuma wapi? Nenda ukapimwe."

Aliondoka na njaa yake, amenuna, bosi mzima. Kesho yake mke wake akamburuta kituo cha afya. Sukari juu, presha juu, na hiyo presha haikuwahi kumpigia hata hodi. Muuguzi akauliza habari za ukoo, na mimi nikaitwa nipimwe. Kumbe presha ninayo, mimi niliyemcheka! Chumvi niliyokuwa natia kwa kiganja, sasa natia kwa ncha za vidole. Nilinuna siku mbili.

Siku hizi anameza vidonge vyake, anapanda kilima chetu kwa miguu, na kile kiti kinaanza kumpwaya. Jumapili iliyopita alimaliza mboga na maharage yake, akachungulia kama mke wake yuko mbali, akasogeza sahani kwenye sufuria ya wageni.

"Mama yangu mzuri, viazi vichache tu. Vya kuonja. Si nimeshapona?"

Nikatazama kile kidole. Kidonda kimefunga, lakini ngozi bado changa kama ya mtoto mchanga. Nikafunika sufuria.

"Sikupakulii. Mguu mmoja nimeuzika, wa pili siuziki."